Mwanakhamis, Asumini, Khole au Salsabil? Kumchagulia binti jina lisilo la kila mtu

Mdogo wangu wa kiume amepata mtoto wa kike huko Wete, Pemba. Kazaliwa saa tatu za usiku, na kabla kitovu hakijakatika mtoto alikuwa na majina manne. Bibi mzaa mama anataka Mwanakhamis kwa sababu siku ilikuwa Alkhamisi. Bibi mzaa baba, yaani mama yetu, kasema hapana: jua lilikuwa limeshakuchwa, na jua likishakuchwa huo ni usiku wa Ijumaa, basi mtoto ni Mwanajuma. Mama wa mtoto keshachagua Salsabil tangu mimba changa. Baba mtu, ambaye hapitwi na kitabu cha historia, anataka Khole. Nikapigiwa simu mimi shangazi mtu, kana kwamba ushangazi ni ukadhi.

Wote wanne walikubaliana jambo moja tu, kwamba jina lisiwe la kila mtu. Hawataki mtoto aitwe skuli wakaitika watano. Na muda ni mfupi, maana siku ya saba ni akika: mbuzi mmoja kwa mtoto wa kike, nywele zinanyolewa, jina linatangazwa. Nikachukua daftari. Haya ndiyo niliyoyaandika, pamoja na mengine niliyoongeza kwa wazazi waliokwama kama wao.

Mizani

Kila kundi la majina nimelipitisha kwenye mambo manne.

La kwanza ni maana, na maana ipimwe mara mbili: neno lina maana gani huko lilikotoka, na linasikika vipi kwenye sikio la Mswahili. Chukua jina Rehani. Kwa Kiarabu rayhan ni mrehani, mmea wenye harufu nzuri, na umetajwa katika Sura ya Ar-Rahman. Kwa Kiswahili rehani ni kile kitu ulichomwachia mtu mpaka ulipe deni lake. Mtoto huyo atakuwa ua kwa shekhe na dhamana kwa muuza duka. Anayelipenda achukue Raihana. Harufu ni ile ile, deni hakuna.

La pili ni ulimi na kalamu. Bibi ataliweza? Karani ataliandika vipi? Jina Asiya linaonesha kwa nini jambo hili si dogo. Kiarabu kina majina mawili yanayofanana hivyo. Moja ni la mke wa Firauni, mwanamke mwema anayejulikana na kila mtu. Jingine, linaloanza na herufi ain na lenye sad katikati, maana yake ni mwenye kuasi, na Mtume (S.A.W.) alimbadilisha mwanamke aliyekuwa akiitwa hivyo akampa jina la Jamila. Kwa herufi zetu za Kirumi majina hayo mawili ni neno moja tu, Asiya. Hakuna ubaya kumwita mtoto Asiya, lakini mwandikie mahali kwa Kiarabu ni Asiya yupi.

La tatu ni ubini. Wengi wetu Unguja na Pemba hatutembei na jina la ukoo. Ni jina lako, la baba, la babu, basi. Kwa hiyo jina la mtoto halisimami peke yake hata siku moja. Lisomeni yote matatu kwa sauti, kama yatakavyosomwa siku ya matokeo ya mtihani.

La nne ndilo linalosahaulika: ni adimu wapi? Watu husema "jina adimu" kana kwamba uadimu umo ndani ya jina lenyewe. Chausiku ni jina la kushangaza kwenye skuli ya mjini, lakini ukilitaja kwenye baraza la wazee shamba hakuna atakayegeuza shingo. Tasnim lilikuwa geni kabisa masikioni mwangu nilipokuwa msichana. Mwaka jana, kwenye maulidi ya madrasa moja, walisimama Tasnim watatu kupokea zawadi. Jina lililosafiri sana huzoeleka haraka, na jina lililokuwa la kila mtu huweza kurudi likiwa geni.

Majina ya bibi zetu

Hapa ndipo penye hazina, na nitakaa kidogo.

Maana zake hazihitaji kamusi ya Kiarabu. Mengi ni kalenda: Mwanajuma au Mwajuma wa Ijumaa, Mwanakhamis wa Alkhamisi, Mwanaidi aliyezaliwa siku ya Idi, Arafa wa siku ya Arafa, Saumu na Mwantumu wa mwezi wa kufunga. Mwezi wa tumu ni Ramadhani, na vijana wengi wanaomjua Bi Mwantumu hawajui kwamba wanamwita Bi Ramadhani. Chausiku kazaliwa usiku. Mwanamvua kaja na mvua. Pili na Tatu wamefuata zamu yao. Mwaka, jina la kike lenye silabi mbili tu, ni la mtoto aliyezaliwa karibu na mwaka mpya wetu wa jadi, ule wa Mwaka Kogwa unaosherehekewa Makunduchi kila Julai, kibanda cha makuti kinapochomwa moto na wanaume wakachapana kwa magomba. Jina la namna hiyo ni cheti cha kuzaliwa kabla ya cheti.

Halafu kuna hilo neno Mwana lenyewe. Siku hizi tunalisikia kama "mtoto" tu, lakini kwa Kiswahili cha kale Mwana pia ni bibi mwenye heshima zake, mwenye nyumba. Mwana Mwema alitawala Unguja katika karne ya 17. Mwanakupona, mshairi wa Pate na Lamu, aliishi karne ya 19. Kwa hiyo anayesema majina ya Mwana ni ya kishamba ajue anawaambia hivyo malkia na mshairi. (Niliwahi kumwambia hivyo shoga yangu mmoja wa mjini. Alinuna siku mbili.)

Ulimi: hakuna tabu kabisa, kila mtu kuanzia Konde mpaka Kizimkazi atalitamka sawa. Kalamu: hapo ndipo pana balaa, nami naliongea kwa uchungu. Jina langu ni la kundi hili, ni Mwanakombo. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ililiandika vipande viwili, Mwana kisha Kombo. Kwenye karatasi nikawa naitwa Mwana, baba yangu akawa mtu anayeitwa Kombo, na baba yangu wa kweli akasogezwa nyuma akawa babu. Kulirekebisha kulinichukua nauli nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ukichagua jina la Mwana, liandike neno moja kwa herufi kubwa, umkabidhi karani karatasi mkononi, na usiondoke dirishani kabla hujasoma alichoandika.

Ubini: linakaa vizuri na majina yetu ya Makame, Faki, Haji, Khatib, Shaame. Mwaka Makame Haji, sikiliza hiyo. Ila angalia lisijirudie. Mwanakombo ambaye baba yake ni Kombo atakuwa kama anaitwa mara mbili.

Ni adimu wapi? Kwa watoto wa leo, hasa wa mjini. Linamfaa mzazi anayetaka jina lenye mizizi hapa hapa, anayependa mtoto akiulizwa "maana yake nini?" awe na hadithi ya siku aliyozaliwa. Halimfai mzazi atakayeona haya jina likitajwa mbele ya watu. Mtoto huirithi haya ya mzazi mapema sana.

Ndani ya kundi hili kuna kikundi kidogo ambacho ni lazima nikiseme, kwa sababu familia nyingi zinalo jina lake moja: majina ya kinga na ya mafumbo. Tabu, Mashaka, Mtumwa, Kijakazi, Siwatu, Siajabu, Sihaba. Mwanamke aliyefiwa na watoto wawili watatu alimpa anayefuata jina la kumdogosha, ili jicho la hasidi lipite lisimwone. Mengine yalitumwa kwa jirani: Siwatu, yaani hawa si watu, nawe unayesikia unajijua. Mwimbaji Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 na kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye hadhi, alipewa baadaye. Na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa Fatuma binti Baraka. Kidude ni kitu kidogo tu, na tazama kitu kidogo hicho kilivyoijaza dunia sauti. Je, umpe binti yako wa leo jina Tabu? Kama ni la bibi aliyekulea, sitakuzuia. Lakini mimi ningemrithisha bibi hadithi yake, nikamwachia jina lake. Dini yenyewe inapendekeza jina lenye maana njema, na mtoto aliyezaliwa salama hana sababu ya kubeba msiba uliotokea kabla hajawako.

Majina ya bustani na sanduku la vito

Asumini, Waridi, Raihana, Lulu, Marijani, Johari, Zumaridi, Feruzi, Ambari. Ukiyataja kwa mfululizo chumba kinanukia.

Kwa asili ni mchanganyiko wa bahari yote hii. Asumini lina mizizi ya Kiajemi, na Feruzi na Johari pia. Waridi, Lulu na Marijani tumeyapata kwa Kiarabu. Hayo mawili ya mwisho yametajwa pamoja katika Sura ya Ar-Rahman kuwa yanatoka baharini. Zumaridi limepitia Kiarabu lakini asili yake ya mbali ni Kigiriki. Ambari ni ile ambari ya nyangumi inayookotwa ufukweni na kuuzwa kwa wafanya manukato. Uzuri wa majina haya ni kwamba tafsiri haihitajiki. Asumini ni ile ile inayofungwa kwenye kikuba pamoja na mrehani, mwanamke akakitia kichwani jioni. Mtoto atajua maana ya jina lake kabla ya kujua kuandika.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa orodha za majina hawalisemi. Majina ya vito na manukato ndiyo yaliyokuwa yakipewa watumwa katika nchi za bahari hii. Ambari, Feruzi, Yakuti, Almasi, Marijani: bwana alimwita mtumwa wake kwa jina la kitu cha thamani anachokimiliki. Malik Ambar, mtu wa asili ya Ethiopia aliyeuzwa mtumwa akaishia kuwa mtawala mwenye nguvu huko India mpaka alipofariki 1626, alitoka na jina hilo hilo. Kwetu Unguja soko la watumwa lilifungwa 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria 1897, lakini masikio hayafungwi kwa sheria. Mzee wa miaka themanini akisikia Feruzi anaweza kukunja uso kidogo. Sisemi uyaache. Nadhani kuyarudisha kwa fahari ni jambo zuri, nami Marijani nalipenda mno. Lakini uyajue, ili siku mzee mmoja akikunja uso usibaki umeduwaa. Maua hayana mzigo huo mzito. Asumini na Waridi ni mepesi.

Ulimi na kalamu: kundi hili ndilo rahisi kuliko yote. Kila silabi inaishia na irabu, linaandikwa linavyotamkwa, na hata karani aliyechoka saa nane za mchana hawezi kukosea Lulu. Ubini: mafupi yanabeba vizuri majina marefu ya baba. Lulu Abdulrahman. Zumaridi na baba Zubeir itakuwa mvumo wa z mdomoni. Baadhi yake, kama Marijani, Feruzi na Ambari, yamewahi kuitwa wanaume pia, kwa hiyo kwenye orodha ya majina mtu anaweza kumdhania mvulana.

Ni adimu wapi? Si mageni kwa yeyote, ila si mengi kwa watoto. Lulu ndilo linalosikika zaidi siku hizi. Yanawafaa wazazi wa dini tofauti au wa makabila tofauti waliooana, kwa sababu hayadai kitu kwa upande wowote. Na wanaoishi mbali, ambao mtoto atatamkiwa jina na watu wasiojua kh wala gh.

Na kabla sijaondoka bustanini, karafuu imewasomesha watu wa Pemba, imewajengea nyumba, imewaoza, na mimi katika maisha yangu sijakutana na Bi Karafuu hata mmoja.

Majina ya Mtoni

Hili ndilo kundi la mdogo wangu. Ni majina yaliyokuwa yakiitwa katika nyumba za Kiomani na katika jumba la Mtoni, Unguja, la sultani Sayyid Said bin Sultan: Salme, Khole, Zuwena, Shemsa, Raya, Thuraya.

Maana: Salme ni Salma, kutoka shina moja na salama, kwa matamshi ya watu wa Manga, yaani Omani, wanaoipinda a ikawa e. Khole kadhalika ni Khawla, jina la kale sana la Kiarabu, linalofasiriwa kuwa paa jike. Mmoja wa wenye jina hilo, Khawla binti Tha'laba, ndiye aliyemshitakia Mtume mumewe, ikateremka Sura ya Al-Mujadila. Zuwena ni kazuri, kizuri kidogo. Shemsa ni jua, Raya ni bendera. Thuraya ni nyota za Kilimia, zile ambazo wakulima wetu walizifuata kwa msemo wao: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mtu akilijua hilo, Thuraya si jina la ng'ambo tena. Ni jina la mkulima.

Historia yake ina chumvi na sukari. Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja 1866, akaolewa na Mjerumani akawa Emily Ruete, na kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Khole alikuwa dada yake, aliyesifiwa sana kwa uzuri. Kuna familia ambazo jina Salme kwao ni la mwanamke jasiri aliyeandika. Kuna nyingine ambazo kwao ni la mwanamke aliyeacha kwao. Na kwa historia ya visiwa hivi, majina ya jumba la sultani hayapokelewi sawa kila nyumba. Ulizeni babu kabla ya kutangaza.

Ulimi na kalamu: Khole ni kh, na mtu wa bara atasema Kole. Thuraya utaikuta Suraya, Surea, Thurea, kila daftari na lake. Zuwena na Shemsa hazina shida. Ubini: yanakaa vizuri na majina ya Kiarabu ya baba, na hata na yetu ya hapa: Khole Pandu Mcha linasikika kama nyumba mbili zimepeana mkono, jambo ambalo mimi nalipenda na mama yangu halipendi.

Adimu: Khole, kwa kweli ni adimu. Salme hulioni mara kwa mara ingawa Salma wamejaa. Zuwena si adimu. Kundi hili linamfaa mwenye nasaba ya huko au mwenye mapenzi ya historia, aliye tayari kulieleza jina tena na tena.

Majina kutoka ndani ya Qur'ani

Salsabil, Tasnim, Sundus, Istabraq, Afnan, Sidra. Haya si majina ya watu wa zamani. Ni maneno yaliyomo ndani ya aya, ambayo wazazi wa siku hizi wameyatoa na kuyavika watoto.

Maana zake ni za kupendeza: Salsabil ni chemchemi ya peponi iliyotajwa katika Sura ya Al-Insan. Tasnim ni chemchemi pia, katika Al-Mutaffifin. Sundus ni hariri nyembamba na Istabraq ni hariri nzito, na kwa vile yamekuja pamoja, waliojaaliwa pacha wa kike wana zawadi tayari. Afnan ni matawi. Sidra ni mkunazi, na kwa hapo unakusudiwa ule wa Sidratul Muntaha. Mkunazi! Anayemwita mtoto Sidra ajue anamwita kwa mti ambao watoto wa Pemba wanaupopoa mawe.

Lakini kuwamo katika Qur'ani hakutoshi. Hutama imo, na Sakar imo, na yote mawili ni majina ya moto. Neno linaweza kulia vizuri masikioni na maana yake ikawa janga. Usilichukue neno kwa sauti yake. Mpelekee mwalimu wa chuo cha Qur'ani akusomee aya nzima, iliyotangulia na inayofuata.

Ulimi ndio mtihani. Kiswahili hakipendi konsonanti zibanane, kwa hiyo Istabraq itakuwa Isitabiraki kwa bibi, na Sundus itakuwa Sundusi, na mtoto mtukutu wa darasa la pili atapata Sanduku. Wifi yangu nilimuuliza Salsabil litafupishwaje nyumbani. Akasema Sili. Mama yetu aliyekuwa pembeni akadakia: "Hali? Basi apewe uji." Kwa kalamu, kuna q au k, kuna s moja au mbili, kuna Salsabil, Salsabeel na Salsabili, amueni moja tangu hospitali, msiyumbe.

Ubini hauna tatizo, isipokuwa urefu. Salsabil Abdulrahman Mohammed haiingii kwenye visanduku vya fomu, nimejaribu kwa penseli.

Adimu wapi? Kwa mabibi, ndiyo. Kwa watoto wa rika lake, inapungua kila mwaka. Tasnim keshaondoka kwenye orodha ya adimu, Istabraq bado. Yanawafaa wazazi wanaotaka jina lipokelewe bila maswali kuanzia Muscat mpaka Jakarta, na walio na mtu wa kuwahakikishia maana.

Kuna pia yale yanayoishia na at, Khairat, Hikmat na mfano wake. Yana maana njema, kheri na hikima, na bibi anayaweza. Sina zaidi la kusema juu yake.

Na yale ya tamthilia za Kituruki? Nimeulizwa, kwa hiyo najibu. Elif ni alifu ile ile ya chuoni. Lina maana, ni jepesi, lakini mwaka ambao tamthilia inavuma utakuwa na wenzio wengi. Wanaosema majina ya Kituruki ni mambo mapya wakumbuke kwamba mama yake Salme, mwanamke wa Kicherkesi aliyeishi Mtoni, aliitwa Jilfidan, ambalo kwa Kituruki ni Gülfidan, mche wa waridi. Yamekuwa hapa tangu enzi za mashua.

Kwa hali yako

Kama mtoto amezaliwa siku yenye jambo, iwe Idi, Arafa, tumu au Mwaka Kogwa, anza na majina ya bibi zetu. Nafasi hiyo hairudi.

Kama bibi wawili wanavutana juu ya siku, kumbukeni kwamba magharibi ndiyo mpaka. Aliyezaliwa baada ya magharibi ni wa siku inayofuata kwa hesabu ya wazee, na kwa karani bado ni wa siku ile ile. Mnaweza kumpa kila mmoja ushindi wake, jina moja la cheti na jingine la nyumbani.

Kama baba ana jina refu, chukueni fupi kutoka bustanini: Lulu, Waridi. Kama baba ana jina fupi, Faki au Ame, hapo Asumini, Mwanamvua au Salsabil lina nafasi ya kupumua.

Kama mnaishi ughaibuni au mnategemea kuhama, epukeni kh, th na q, isipokuwa mko tayari kusahihisha watu kila siku.

Kama mnataka jina la heshima ya mtu aliyefariki, na jina lake ni la huzuni, angalieni kama alikuwa na jina la pili. Wazee wengi walikuwa nalo.

Kama ni siku ya sita na bado mmekwama, fanyeni haya matatu. Mwambieni mtoto wa miaka saba alitamke. Mwambieni mtu mzima kuliko wote nyumbani alitamke. Kisha mmoja atoke uani, aliite kwa sauti mara tatu kama anayemwita mtoto anayechelewa ufukweni jua linazama. Jina linalokwama kooni mara ya tatu litakwama miaka yote.

Kwetu Wete mbuzi keshanunuliwa, amefungwa kwenye mchungwa. Mama mtu bado yuko kwenye Salsabil, baba mtu kwenye Khole, nami daftari langu nimelituma picha kwa picha na hakuna aliyejibu. Nilipopiga simu jana jioni nilimsikia mama yetu akimbembeleza mtoto, na bibi mzaa mama akimwitikia kutoka jikoni. Wote wawili wanamwita Mwana.